Farasi Anayenifika Kiunoni

Mjomba akija Mwanza haombi kupelekwa popote. Anashuka kwenye Hiace ya Magu na kiroba cha michembe, anakaa kiti kilekile cha karibu na dirisha, na siku ya tatu anauliza magari ya kurudi yanaanza saa ngapi. Kwa hiyo Jumapili ile wanangu walipomvuta mkono, "Babu, twende ufukweni ukaone farasi," naye akanyanyuka bila ubishi, nilijua ni neno farasi ndilo lililomwinua. Mzee huyu amefuga punda tangu sijazaliwa. Farasi alikuwa amemwona kwenye kalenda tu.

Farasi mwenyewe alifungwa chini ya mwembe, huku Ilemela, kwenye moja ya zile fukwe ambazo wikiendi hujaa muziki na harufu ya sato wa kukaanga. Kupanda na kuzungushwa hadi kwenye mawe na kurudi, elfu mbili. Kupiga naye picha bila kupanda, buku. Jina lake Boda, kwa sababu anabeba abiria. Rangi yake kahawia iliyopauka, singa zimemwangukia usoni kama mtu asiyetaka kusalimiwa, tumbo kubwa, miguu mifupi minene. Mgongo wake ulinifika kiunoni, na mimi si mrefu.

"Shikamoo mzee," kijana mwenye farasi akasema.

"Marahaba. Wa miaka mingapi huyu?"

"Bado mtoto, mzee wangu. Tumemtoa Arusha. Atakua."

Mjomba hakujibu. Akamwendea mnyama kwa ubavuni, mkono mmoja umetangulia shingoni, akamfunua midomo kwa kidole gumba, akachungulia, akamwachia. "Mtoto mwenye meno yaliyolala mbele namna hii? Huyu mzee mwenzangu." Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, huku akitazama ziwani.

Lile "atakua" lilinikaa kichwani wiki nzima. Kijana hakuwa anadanganya; nadhani aliuziwa kwa maneno hayohayo. Na karibu kila aliyekuwa ufukweni siku ile alimwona Boda hivyohivyo, farasi ambaye hajamalizika. Watoto walimwita "mtoto wa farasi". Mama mmoja aliuliza mama yake yuko wapi.

Lakini Boda ni poni, yaani farasi wa aina fupi, na poni mzima amekwisha kumaliza kukua. Waingereza, ambao wana uzoefu mrefu wa wanyama hawa, hupima farasi kwa upana wa kiganja, kiganja kimoja kikiwa inchi nne, kuanzia chini hadi juu ya bega, pale shingo inapokutana na mgongo. Asiyefika viganja 14 na inchi mbili, yaani kama sentimita 147, anahesabiwa poni. Lakini futi peke yake haimalizi ubishi. Watu wa Iceland wana farasi ambao wengi wao wako chini ya kipimo hicho, na ukiwaita poni mbele yao umetafuta maneno. Argentina kuna Falabella, wa sentimita 70 na kitu, ambaye beberu mkubwa angeweza kumtazama machoni. Huyo naye wafugaji wake wanasema ni farasi mdogo, si poni, kwa kuwa umbo lake ni la farasi aliyepunguzwa. Poni umbo lake ni jingine: kifua kipana, pipa la tumbo, shingo nene, miguu mifupi ukilinganisha na mwili, singa kwa wingi. Ukimwona hutamani kumwita mrembo.

Anayejulikana zaidi ni wa visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Huyo hatakiwi kuzidi inchi 42, sentimita 107. Boda siwezi kumwapia, pengine ni chotara wa machotara, ila kwa kumtazama damu hiyo imempitia. Visiwa vile havina miti ya maana. Upepo wa bahari hauishi, nyasi ni fupi na chache, na wakati wa baridi jua linachomoza saa chache tu. Mwanzoni hakuna mtu aliyekaa akapanga kuzalisha farasi wafupi. Aliyezaliwa mkubwa alihitaji majani mengi, majani hayakuwepo, akafa. Mdogo akapita. Mwaka baada ya mwaka, kwa karne nyingi, njaa ndiyo iliyochagua.

Msukuma haelezwi habari hii mara mbili. Tunao ng'ombe wetu wa kienyeji, wale wafupi wenye nundu, ambao mgeni akiwaona anadhani ni ndama. Mwaka wa ukame ndipo wanapojulikana. Nakumbuka jirani yetu wa kijijini aliyepata ng'ombe wa maziwa wa kisasa, mkubwa kama kabati, akajengewa banda lenye sakafu ya saruji. Kiangazi kilipokaza, yule wa kisasa alikuwa wa kwanza kulala na kutonyanyuka. Wa kwetu walikuwa wanatafuna mabua yaliyokauka na kutembea hadi ziwani kunywa.

Na mwili wa poni umejengwa kwa hali hiyo kila mahali unapoushika. Masikio madogo, ili joto lisitoke. Manyoya ya baridi yako tabaka mbili, laini ndani, magumu nje. Mwanzoni mwa mkia kuna nywele fupi zilizotawanyika kama upepeo, maji ya mvua yakifika hapo yanateremka pembeni kama kwenye paa la nyasi lililoezekwa na mtu anayejua kazi. Punda wetu ni kinyume chake kabisa: masikio marefu ya kupoza damu, manyoya ambayo mvua inapenya hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana punda akinyeshewa utamwona amejibanza ukutani kwa huzuni. Mmoja aliumbwa na baridi, mwingine na jangwa. Walipokutana ni kwenye kazi.

Kazi kwanza zilikuwa za nyumbani. Visiwani kule, kwa kuwa hakuna kuni, watu walichoma udongo mweusi wa majani yaliyooza, unaokatwa vipande kama tofali na kukaushwa. Poni ndiye aliyeutoa machimboni hadi mlangoni, kwenye matenga mawili ya kusuka, moja kila ubavu. Aliwabeba na watu pia, pamoja na mwani wa baharini wa kurutubishia mashamba. Hata mkia wake ulikuwa na kazi: nywele zake zilisokotwa kuwa mishipi ya kuvulia samaki, na zilikuwa na thamani kiasi kwamba kukata mkia wa farasi wa mtu mwingine lilikuwa kosa la sheria. Nilimsimulia hilo rafiki yangu anayeshona nyavu pale Mwaloni. Akafikiri kidogo. "Kwa furu sawa," akasema. "Sangara angeondoka na mkia na farasi mwenyewe."

Kisha wakapelekwa chini ya ardhi, na hapa ndipo habari ya udogo inapogeuka kuwa nzito.

Mwaka 1842 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia wanawake wote, na wavulana walio chini ya miaka 10, kufanya kazi ndani ya migodi ya makaa ya mawe. Kabla ya hapo ndio waliokuwa wakivuta vigari kwenye njia ambazo mtu mzima hasimami wima. Wakishaondolewa, nani apite pale? Poni. Wa Shetland walinunuliwa kwa wingi, hasa madume, wakashushwa migodini. Bwana mmoja tajiri aliyeitwa Londonderry, mwenye migodi huko Durham, Uingereza, alianzisha ufugaji wake mwenyewe visiwani kule, akichagua wale wafupi na wazito wa mifupa. Mwaka 1890 kikaanzishwa chama cha kutunza kitabu cha ukoo wa poni hao. Kufikia 1913 farasi na poni waliokuwa wakifanya kazi chini ya ardhi Uingereza walikuwa kama 70,000. Wengi walikuwa na mazizi hukohuko chini, wakala huko na kulala huko. Migodi ya serikali ilitoa wa mwisho mwaka 1994.

Nikimsomea mjomba sehemu hiyo, alinikatiza. Alitaka kujua macho yao yalikuwaje wakitolewa nje.

Wachimbaji wa zamani walipenda kusimulia kwamba poni alijua idadi ya vigari vyake kwa kusikiliza minyororo inavyogonga inapokazika. Akizoea vinne, ukimfungia cha tano anasimama, hata umchape. Labda ni chumvi za wachimbaji. Mimi naamini, kwa sababu nilikulia na punda jike wa mjomba aliyekuwa hivyohivyo na madumu. Madumu manne ya lita ishirini alibeba, mawili kila upande, kutoka ziwani hadi nyumbani, mwendo wa saa nzima. Siku moja kulikuwa na msiba, maji yakahitajika mengi, sisi watoto tukamwongezea la tano juu, katikati ya mgongo. Alitembea hadi kwenye mkuyu, akapiga magoti taratibu kama mtu anayeswali, akalala. Hakuna dumu lililomwagika. Tulimvuta masikio, tukamsukuma kwa matako, mwisho tukaliondoa lile la tano. Akanyanyuka, akaendelea na safari.

Tunauita ukaidi. Kiswahili hakijamtendea haki kabisa ndugu huyu. Punda afe mzigo ufike, fadhila za punda mateke, na kila mwanafunzi aliyefeli darasani amewahi kuitwa jina lake. Farasi mkubwa akiogopa anakimbia, na ukimshinikiza atakimbia hadi moyo umshinde. Punda akiogopa anasimama kwanza, anafikiri. Poni yuko katikati yao. Ana akili za kufungua komeo la zizi kwa midomo, ana kumbukumbu ya nani alimpa nini, na ana maoni juu ya kila abiria.

Maoni ya Boda niliyaona kwa macho. Baada ya wanangu kuzungushwa, mwanamume mmoja mnene, kilo tisini hazikosi, akiwa na soda mkononi, alilipa elfu mbili zake na kumkalia. Miguu yake ilikuwa karibu iburuze mchangani. Wenzake wakatoa simu. Boda alipiga hatua tatu, akasimama, akarudisha masikio nyuma. Kijana akamvuta kamba. Hakutikisika.

"Shuka," mjomba akasema.

"Mzee, nimelipa."

Mjomba akatoa leso mfukoni, akafungua fundo, akahesabu noti mbili za elfu moja, akamnyooshea. "Hizi hapa. Shuka, ng'wanawane."

Sijui kama ni fedha au ni ile ng'wanawane, mwanangu, kwa sauti ya Kisukuma isiyo na hasira. Jamaa alishuka. Fedha hakuzipokea.

Kuna kipimo ambacho wapanda farasi wengi hukifuata: mzigo wa mgongoni, mtu na tandiko lake, usizidi karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Poni wa Shetland ana kama kilo 200. Tano yake ni kilo 40, mtoto wa darasa la sita na tandiko lake jepesi. Kuvuta ni habari nyingine, hapo anawaaibisha wakubwa. Kwa uzito wake ni kati ya farasi wenye nguvu kuliko wote, na ndiyo maana migodi ilimtaka. Na sisi? Madumu yetu manne ni kilo 80 kabla ya kuhesabu uzito wa plastiki na kamba, juu ya punda ambaye pengine hafiki kilo 150. Nilipoipiga hesabu hiyo usiku, kwenye kikokotoo cha simu, sikumwonyesha mjomba.

Kwa kuwa nimetaja nguvu, niseme la pembeni. Wavuvi wetu wanaponunua injini ya boti wanauliza ni ya farasi wangapi: kumi na tano, arobaini. Kipimo hicho kilitoka kwa James Watt, fundi wa injini za mvuke, katika karne ya 18, na kwa vipimo vya leo farasi mmoja ni sawa na kunyanyua kilo 75 mita moja juu kwa sekunde moja. Moja ya masimulizi juu ya Watt ni kwamba aliwapima poni wa mgodini, kisha akaongeza nusu kukisia farasi mkubwa. Kama ni kweli, kila boti ya dagaa inayotoka Kirumba jioni ina poni kadhaa ndani yake.

Lakini kwa nini mjomba afike uzeeni bila kumwona farasi wa kweli? Ufugaji tunaujua, Usukuma ni nchi ya mifugo. Jibu ni wadudu. Mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana, na farasi hana uvumilivu nao. Kisha kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, wale wadogo wanaouma jioni (si wale wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, hao hawaumi, wanaingia tu kwenye chai). Farasi asiye na kinga akiupata, kwa kawaida hufa. Stanley alipoondoka pwani mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa katika wiki za mwanzo za safari. Punda wa misafara nao walikufa kwa wingi, ila punda ana ustahimilivu zaidi, akabaki.

Mahali Afrika farasi mdogo alipojipatia nchi yake ni Lesotho. Farasi waliletwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, na Waholanzi kutoka Java miaka ya 1650, na katika karne ya 19 wakawafikia watu wa mfalme Moshoeshoe wa Kwanza. Wakapanda nao milimani, kwenye baridi, ambako usubi ni wachache. Na kule yakatokea yaleyale ya Shetland: majani haba, theluji, miteremko ya mawe, wakapungua kimo, kwato zikawa ngumu, wakawa poni wa Kibasotho. Hadi leo wanapandisha watu na magunia ya unga mahali gari halifiki. Wale wangemfaa mjomba.

Sisi tuna punda, na tulikaribia kumpoteza. Bei ya ngozi ilipopanda kwa sababu ya dawa inayotengenezwa China kwa kuichemsha, machinjio yakafunguliwa, moja wapo huko jirani Shinyanga. Mjomba aliamka asubuhi moja akakuta zizi wazi. Wawili aliwakuta kwenye korongo, nyama ipo, ngozi haipo. Serikali ilifunga biashara hiyo mwaka 2022, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukaisimamisha bara zima kwa miaka 15. Yule jike wa madumu alikuwa amekwisha kufa kwa uzee kabla ya hayo yote. Mjomba husema alibahatika.

Turudi ufukweni. Jamaa aliposhuka, mjomba hakuondoka. Alichuchumaa, akazishika kwato za mbele za Boda, moja kila mkono, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniita nishike. Zilikuwa za moto, kama kikombe cha uji. Akanionyesha namna mnyama alivyosimama: miguu ya mbele ameitupa mbele, uzito wote ameuegemeza nyuma, kama mtu aliyelazimishwa kusimama kwenye mkaa.

"Unamlisha nini?"

Kijana alijibu kwa fahari. Pumba za mahindi asubuhi na jioni. Mikate iliyobaki hotelini. Majani mabichi ya bustani yanayomwagiliwa kila siku. Na watoto humpa maandazi.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kusoma kwangu kote baadaye kulikithibitisha. Mnyama huyu ambaye njaa ya visiwani haikumuua, shibe inamuua. Mwili wake umezoea kubana kila tone la chakula. Mpe wanga na sukari nyingi, nyama laini inayoshikilia kwato kwa ndani inavimba, na kwa kuwa kwato haitanuki, maumivu yanabaki humo humo. Ikiachwa, mfupa wa ndani unaweza kulegea na kugeuka kuelekea chini. Kwa poni ni maradhi ya kawaida kabisa. Lile tumbo tulilolicheka watoto na mimi, tukisema Boda ana afya, lilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Jumatatu bwana mifugo alikuja, akasema hayohayo kwa maneno marefu, akampa dawa ya maumivu na kuamuru pumba zisimame, asibebe mtu kwa miezi, alazwe kwenye mchanga laini. Kijana alilia kidogo. Mkopo wa kumnunulia Boda bado anaulipa. Sikujua la kumwambia. Mjomba, ambaye magari ya Magu alikuwa ameshayaulizia, alibaki siku sita zaidi. Kila asubuhi alipanda daladala na fungu la majani makavu kwapani.

Nilipita tena miezi sita baadaye. Boda amekonda, amechangamka, kafungiwa kigari cha magurudumu ya pikipiki chenye viti viwili, na chini ya mwembe imening'inizwa mizani ya samaki, ile ya ndoano, wameifungia kiroba. Mtoto anaingia kwenye kiroba, mshale unasoma. Zaidi ya kilo thelathini hapandi mgongoni, anakaa kwenye kigari. Nilikuta mama mmoja amekasirika kwelikweli, mwanawe ananing'inia kwenye kiroba kama sangara, mshale uko thelathini na mbili.

"Mizani yenu mbovu hii," alikuwa anasema. "Mtoto hajala chochote tangu asubuhi."

Nilimpigia mjomba video papo hapo. Aliitazama sura ya Boda, akaniambia nisogeze simu chini, kwenye kwato.